Plagi Iliyokuwa Safi

Kwa muda mrefu nimetaka kuandika juu ya uongo, na kila nikianza najikuta naandika juu ya gari. Safari hii nimeamua nisishindane nalo. Ninyi mliozoea kuja hapa kwa ajili ya riwaya mtanivumilia: vitabu viwili vitapita humu, lakini sehemu kubwa ni vumbi, grisi na spana.

Swali lenyewe ni dogo. Mtu aliyekuwepo, anayejua, ambaye hakuulizwa yeye, akanyamaza: amesema uongo au hajasema? Niliwahi kumuuliza rafiki yangu mwanasheria, akacheka, akasema mshtakiwa halazimiki kujishuhudia. Sawa. Lakini mimi sikuwa mshtakiwa. Mshtakiwa alikuwa mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba yuko kizimbani.

Gari lilikuwa Peugeot 504 ya marehemu baba, ile ya stesheni yenye safu tatu za viti. Wazee wenye kumbukumbu watakwambia namna 504 ilivyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na baba alilisema hilo kwa kila aliyekubali kupanda, kana kwamba ni yeye aliyekuwa usukani. Alikuwa mwalimu mstaafu. Gari alilinunua likiwa limeshatumika sana, akalitunza kama mtu anavyotunza daftari la mahudhurio: tarehe ya kila oili, kila belti, kila tairi, kwa mwandiko wa ubaoni.

Septemba 1996 niliazima gari hilo kwenda Dar es Salaam. Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi nilichelewa kutoka, kwa sababu zangu za ujana ambazo hazina maana tena, na nikawa naendesha kufidia muda. Mnaoijua njia hiyo mnajua kwamba ukishapita Dumila barabara inaanza kupanda kuelekea Gairo, na haina haraka ya kuacha kupanda. Mshale wa joto ukaanza kusogea. Niliuona. Ukafika kwenye nyekundu. Niliuona pia. Nikajiambia nitapumzika Gairo, na Gairo nilipofika nikajiambia mteremko utalipoza. Kabla ya Pandambili injini ikaishiwa nguvu, mvuke ukatoka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho hasa kilicholiua gari. Sikungoja. Nilivua shati, nikazungusha kofia ya rejeta, nikaruka pembeni maji yalipolipuka, halafu nikachukua dumu na kumimina maji baridi ndani ya injini iliyokuwa inawaka moto. Kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu, kimefungwa juu ya bloku ya chuma. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha kupita kiasi halafu ukaishtua kwa maji ya baridi, inajikunja, na gasketi iliyo katikati ya vyuma hivyo viwili haiwezi tena kuziba. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimefanya kitu ambacho baba asingekifanya.

Niliingia Dodoma usiku. Baba alikuwa macho. "Safari?" akauliza. "Salama, baba."

Haikupita wiki. Asubuhi gari likiwashwa lilitetemeka kama mwenye homa, linapiga silinda tatu badala ya nne, kisha baada ya dakika moja mbili linatulia kama si lenyewe. Mchana, ukienda nalo mbali kidogo, linachemsha. Baba akaita fundi wake, mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa na gereji chini ya mwarobaini kule Chang'ombe. Walifahamiana miaka. Fundi akasalimia, akauliza swali ambalo fundi yeyote mwenye akili huanza nalo: limeanza lini, na lilikuwa wapi kabla ya hapo?

"Limekwenda Dar na kurudi bila shida yoyote," baba akajibu. "Limeanza tu lenyewe."

Nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili, nimeshika ufunguo.

Sasa niwaeleze fundi alifanya nini na jibu hilo, maana hapa ndipo kesi yangu ilipo. Dodoma iko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban sehemu moja ya kumi, na kabureta haina namna ya kulijua hilo. Kazi yake ni moja: hewa inapita kwenye koo lake jembamba, inavuta petroli kupitia kitundu kidogo kiitwacho jeti, viwili hivyo vinachanganyika na kwenda kuungua. Kabureta iliyotegwa pwani ikipanda huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, gari linakuwa zito. Fundi wa huku anaitega upya, anapunguza. Ukiteremka nayo pwani ikiwa na mtego wa huku, petroli inakuwa haba, na petroli ikiwa haba injini inasitasita na kupata joto. Ongeza vumbi jekundu la kiangazi. Gari lililotoka Dodoma likaenda Dar likarudi, linasitasita na linachemsha: ukiwa na maelezo hayo tu, kabureta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Hata leo, nikipewa maelezo yale ya baba, nami ningeanza hapohapo.

Akaifungua. Kwenye bakuli la kabureta kulikuwa na tope laini la rangi ya matofali, na jeti ilikuwa imeziba nusu. Akaipuliza kwa mdomo. Nilimuuliza kwa nini asitumie waya, akasema waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka hakuna wa kulirudisha. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya chini ya kabureta huku injini inaunguruma, akasikiliza kama mlio utabadilika, maana mahali panapovuta hewa ya wizi pakizibwa na povu, mlio hubadilika hapohapo. Haukubadilika. Akachomoa plagi ya kwanza, moja tu, kwa sababu plagi za 504 zimekaa ndani, si za kuchomoa kwa mzaha. Ilikuwa na rangi ya kahawia, rangi nzuri. Akairudisha. Hadithi aliyopewa haikumpa sababu ya kuzitazama tatu zilizobaki.

Baba akalipa. Siku mbili gari likawa na nafuu, au sote tulitaka liwe na nafuu, halafu likachemka njia ya Bahi.

Siku ya pili alikuta platina zimelika na taiming imechelewa, na ni kweli cheche ikichelewa joto hupanda. Siku ya tatu alikuta rejeta imejaa ukoko mweupe, kwa sababu maji ya visima vya huku yana chumvi na chokaa, na sisi tulikuwa tunajaza maji ya bomba. Akakuta na kofia ya rejeta springi yake imelegea, jambo ambalo Dodoma halisameheki: huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100, na ni mgandamizo wa ile kofia unaokupa nafasi ya kupumua. Yote aliyoyakuta yalikuwepo. Hakubuni hata moja. Tatizo la gari kuukuu ni kwamba popote utakapotafuta ubovu, utaupata, na utakuwa ubovu wa kweli, ila si ule unaokuua.

Lakini hebu vaa viatu vya baba. Mzee wa pensheni anaambiwa Jumatatu ni kabureta, Alhamisi ni platina, Jumanne nyingine ni rejeta. Kila siku ugonjwa mpya, kila ugonjwa na bei yake. Uaminifu wa yule fundi, ule wa kutoacha kitu kibovu alichokiona, ulifanana kabisa na utapeli. Nje, dukani, baada ya ibada, baba akaanza kulisema. Na baba hakuwa mtu wa kusema hovyo. Nusu ya watu waliomsikia alikuwa amewafundisha kusoma. Mwalimu akisema fulani ni tapeli, basi fulani ni tapeli. Wastaafu wenzake wawili wenye magari wakahamia gereji nyingine. Hilo nililiona kwa macho.

Wapenzi wa Shaaban Robert mtakumbuka mfalme wa Kufikirika asiye na mtoto, na waganga wanaoitwa kundi baada ya kundi, wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, kila mmoja na dawa ya fani yake. Nilipokisoma shuleni nilidhani ni dhihaka kwa waganga. Siku hizi nakisoma nikiwafikiria waganga kama wafanyakazi: kila mmoja anaingia kwa mgonjwa na kile alichoambiwa na kile anachokijua, anatoka ameshindwa, na kushindwa kwake kunahesabiwa kuwa ni tabia yake.

Tuna methali mbili kwa jambo hili, na zote nimezigeuza sana. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tazama zinamtisha nani: mfichaji mwenyewe. Ficha, utaumia wewe. Hazisemi neno juu ya mganga anayekesha akitafuta kilichofichwa, wala juu ya jina lake mtaani asipokipata. Kwangu mimi methali zilikosea. Nilificha, na hakuna kilichoniumbua. Aliyeumbuka alikuwa yeye.

Asubuhi moja fundi alikuja nyumbani bila kuitwa, kabla jua halijachomoza vizuri. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Mmeshaliwasha?" Nikasema bado. Akasema usiwashe, nataka kulikuta baridi. Akafungua kofia ya rejeta, akaniambia nipige stata kidogo. Mapovu yakapanda kwenye maji, polepole, moja baada ya jingine. Akazima. Akatandika kitambaa juu ya bampa, akachomoa plagi zote nne na kuzipanga kwa namba zake.

Tatu zilikuwa za kahawia. Ya tatu kwa namba ilikuwa safi. Safi kama imetoka dukani, inang'aa.

Sikuelewa, nilidhani iliyo safi ndiyo nzima. Akanieleza bila kunitazama: usiku gari likiwa limelala, maji yanapenya pale gasketi ilipokufa na kuingia kwenye silinda hiyo. Asubuhi injini inakohoa mpaka iyateme. Ikishapata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unaiosha plagi kila siku. Ndiyo maana haina masizi ya kazi kama wenzake.

Baba alikuwa ndani anavaa. Fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dar aliendesha nani?"

"Mimi."

"Lilichemka?"

"Kidogo."

Akafunga plagi kwenye kitambaa. "Maji hayachemki kidogo, mwanangu."

Baba akatoka. Fundi akamwambia ni gasketi ya kichwa, na kichwa chenyewe pengine kimejikunja, kitapelekwa kusawazishwa. Baba akauliza swali la haki kabisa: mbona hukuliona siku ya kwanza, ukanimalizia pesa? Na yule mzee akasema, "Nimekosea, Mwalimu. Ningeanza na plagi zote."

Nimesimama tena hatua mbili. Mara hii ufunguo ulikuwa kwenye gari, mikono yangu haikuwa na kitu cha kushika.

Kwa nini alilibeba? Nimejipa majibu mengi. La kwanza ni adabu: huwezi kumvua mtoto wa mtu mbele ya baba yake, nyumbani kwake, alfajiri. La pili ni kwamba aliniachia nafasi niseme mwenyewe. La tatu, ambalo ndilo linaloninyima usingizi, ni kwamba aliamini maneno aliyoyasema. Fundi mzuri hajisamehe kwa kisingizio kwamba alidanganywa. Na kuna ukweli hapo. Dereva kuficha ni jambo la kila siku. Fundi anayetegemea maneno ya mwenye gari atapotea mara nyingi. Angeweza kuzichomoa zote siku ile. Lakini nikilisema hilo kwa sauti nasikia linavyonuka, kwa sababu linaniruhusu nigawane naye kosa nusu kwa nusu, na mgawanyo huo nimeupanga mimi.

Kant, aliyekataza uongo hata kwa muuaji anayebisha hodi akimtafuta rafiki yako, bado aliacha nafasi ya mtu kutosema kila anachokijua. Nafasi hiyo ndiyo niliyoikimbilia miaka mingi: sikusema neno la uongo mbele ya fundi, nilikaa kimya tu. (Kwa baba nilisema "salama," lakini hilo nililihesabu kama salamu.) Nadhani nilichokikosa ni hiki. Gari la kabureta halina kumbukumbu. Haya ya sasa yana kompyuta. Fundi anachomeka kimashine chake, gari lenyewe linataja kosa lake. 504 haikuwa na shahidi mwingine zaidi ya aliyeendesha. Mimi ndiye niliyekuwa kumbukumbu yake. Kimya changu hakikuwa faragha ya mtu mmoja na aibu yake; kilikuwa kipande cha injini nilichokitoa na kukitia mfukoni, halafu nikamtazama mtu mzima akihangaika kukitafuta. Yule mwanasheria anasema sawa kuhusu mahakama: pale kimya kinamlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Chini ya mwarobaini mwenye nguvu alikuwa baba yangu, na nyuma ya baba nilikuwa mimi.

Miaka mingi baadaye nilikipata kitabu cha Mmarekani Robert Pirsig, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, cha mwaka 1974. Nilifurahi kukuta humo plagi zilizokuwa nyeusi kwa sababu pikipiki imepanda nyanda za juu. Ni habari ya Dodoma kabisa. Lakini kuna sehemu anasimulia mafundi walioiharibu injini yake kwa kutojali, na nilipofika hapo nikakiweka chini kwa muda. Si kwamba anawasingizia. Ni kwamba kitabu kizima kinasimuliwa na mwenye pikipiki. Mafundi wale hawapati ukurasa wa kueleza walichoambiwa.

Baba alifariki mwaka 2008. Sikumwambia. Mara mbili nilikaribia, mara moja hospitalini kabisa, akaniuliza kama gari linawashwa kila wiki, nikajibu linawashwa, na tukahamia kwenye mambo mengine. Kwa hiyo mtu pekee ambaye ungamo langu lingembadilisha mawazo hayupo tena. Ninyi mnaosoma hapa hamkuwahi kumwita yule mzee tapeli. Kuwaambia ninyi ni rahisi mno.

Mwaka jana nilimtafuta. Mji umekua, tangu serikali ihamie mwaka 2016 viwanja vya zamani havitambuliki, na pale mwarobaini ulipokuwa pana ghorofa. Nikamkuta Kizota, kwenye gereji ya mwanawe, amekaa juu ya kiti kilichong'olewa kwenye gari. Macho yamepungua. Nikajitambulisha kwa jina la baba, na nikasimulia yote, Gairo, mshale, dumu, bila kuruka. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini.

"Hilo la kuchemka nililijua," akasema. Akakaa kidogo. "Mwalimu aliacha kuitikia salamu yangu. Ningepita, namsalimia, anatazama upande. Hilo lilikuwa baya."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa na bahasha mfukoni, nikaona ni bora ibaki hukohuko. Akauliza gari liko wapi siku hizi. Nikamwambia liko nyuma ya nyumba, juu ya mawe, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

"Jumamosi nitakuja na kijana kuliona," akasema. "Usiliwashe kabla sijafika."

Nikamwambia gari halina betri tangu 2011. Akasema hata hivyo.